Jibini ya Matanga Yako

Mwanangu Mapendo,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na kwaya yetu haimwagi mtu haraka, kwa hiyo nina mchana mzima wa Jumapili na meza hii ya jikoni peke yangu. Sanduku lako liko mlangoni. Kila ninapoinuka kuchemsha chai najigonga nalo, na kila nikijigonga nalitukana kana kwamba lina masikio.

Sitakuandikia habari za soksi, wala za kula kabla ya kwenda kazini. Hayo shangazi zako wa kanisani wamekuambia mpaka umechoka. Nakuandikia kwa Kiswahili ingawa najua utasoma polepole, kidole juu ya mstari, jinsi mama yako alivyokufundisha kwa Biblia yake. Nikikueleza jambo kwa mdomo wewe hunijibu kwa Kiingereza, mimi hukasirika kabla sijamaliza, na mwisho tunaishia kuzungumzia televisheni. Leo nataka kumaliza.

Nataka kukueleza habari za Odile.

Siku ile ulipopiga simu kwenye hoteli ya kule mlimani Uswisi kuuliza kazi, ulirudi hapa jikoni uso unang'aa. "Daddy, Odile yuko alive," ulisema. "Yule mama wa nyumba yenu. Wamesema she remembers my name." Mimi nikaondoka nikaenda kusugua bafu lililokuwa safi. Ukanifuata mpaka mlangoni. "You always do this. Kila nikiuliza ya kule, unaondoka." Ulikuwa na haki, na ndiyo maana sikukujibu. Sasa kesho unasafiri. Utapanda basi la njano kutoka mji wa Sierre, likupandishe kona baada ya kona, na kabla juma halijaisha utakuwa umeketi mbele ya mwanamke yule. Ana jambo la kukusimulia juu ya baba yako. Nataka ulisikie kwangu kwanza, kisha uamue mwenyewe utanitazama kwa jicho gani.

Unajua tulivyofika kule, lakini unajua juu juu tu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, mama yako akiwa na mimba yako. Uswisi huwagawa wakimbizi kwa mikoa, kila mkoa na fungu lake. Sisi tuliangukia mkoa wa Valais, na Valais ikatupandisha katika bonde la Anniviers, kijiji cha nyumba za mbao zilizopigwa na jua miaka mingi mpaka zimekuwa nyeusi. Tukapewa vyumba viwili katika nyumba ya Odile.

Nikisema nyumba ya Odile nadanganya kidogo. Kule mtu akifa, watoto wote hurithi sawa, wa kiume na wa kike, na hugawana mpaka hakuna cha kugawana tena. Ghorofa ya kati ilikuwa ya Odile. Ya juu ilikuwa ya kaka yake. Ghala la majani ya ng'ombe nusu lilikuwa la binamu yao aliyehamia mjini, na hakuna aliyethubutu kuigusa nusu ile. Odile na kaka yake walikuwa wamegombana zamani kwa sababu ya kipande cha shamba kisichozidi ukubwa wa chumba chako, wakaacha kusemezana, lakini ngazi ilikuwa moja. Walipishana hapo kila siku, kila mmoja akijua nyayo za mwenzake. Odile aliniambia kwamba zamani hata nyumbu wa kubeba mizigo aliweza kuwa na wenyewe wanne, kila mtu na mguu wake. Nikamuuliza, "Na nyumbu akifa?" Akasema, "Kila mtu analia robo."

Nilicheka sana usiku ule nikimsimulia mama yako. Ujue baba yako nilikuwa mwalimu kwetu Uvira, mwenye chaki mfukoni na maoni juu ya kila kitu. Nilifikiri Uswisi ni saa na benki. Nikawakuta watu wanaooka mkate mweusi katika jiko la kijiji kwa zamu, mkate wa kukaa miezi, mgumu hata unahitaji kisu chake maalumu. Majira ya kuchipua waliwashindanisha ng'ombe wao weusi, wakapigana pembe kwa pembe mpaka apatikane malkia, na wanaume wazima wakawa wanatokwa na machozi kwa ajili ya ng'ombe. Hilo nililipenda. Mengine niliyadharau, nami sikujua kama ninadharau. Niliona ninachunguza tu.

Mama yako hakuchunguza. Yeye aliketi. Alishuka jikoni kwa Odile na ushonaji wake, wakazungumza kwa Kifaransa cha mama yako, ambacho kilikuwa cha sokoni, na cha Odile, ambacho nacho alikijulia shuleni, maana lugha ya nyumbani kwake ilikuwa ile ya zamani ya bonde. Wajukuu zake waliielewa na kumjibu kwa Kifaransa. Aliwagombeza kwa hilo, bila mafanikio, sawasawa na mimi.

Siku moja Odile alimsimulia walivyokuwa wakihama. Alipokuwa mtoto, kijiji kizima kilihama na majira. Walishuka Sierre kupalilia mizabibu yao, wakapanda tena kijijini, wakapanda zaidi kwenye malisho ya juu pamoja na ng'ombe, wakashuka tena kuvuna zabibu. Padri alihama nao. Mwalimu alihama nao, shule ikafungwa huku ikafunguliwa kule na watoto wale wale. Kuku walisafiri ndani ya vikapu. Mama yako akamuuliza kama hawakuchoka. "Kuchoka, ndiyo," Odile akasema. "Upweke, hapana. Sisi tulihama wote. Ninyi ndio mmehama vibaya, mama mdogo, mmehama wawili." Mama yako alirudi juu akanirudia maneno hayo anacheka, kisha akawa anayalia.

Wewe ulizaliwa katika hospitali ya Sierre, ng'ombe wakiwa wamekwisha kushuka kutoka milimani. Tulipokurudisha kijijini, Odile aliacha zipite siku chache, ndipo akabisha hodi. Alikuwa amevaa gauni lake la misa ingawa ilikuwa siku ya kazi. Akatuambia tumfuate chini ya nyumba, tuje na mtoto.

Kile chumba cha chini kilikuwa na baridi na harufu ya soksi za askari. Kwenye rafu za mbao kulikuwa na jibini za duara, nyingine zimekaa hata zimekuwa nyeusi na ngumu kuliko jiwe. Akatuonyesha moja. "Hii ni yangu. Mama alinitengenezea nilipoolewa." Akagusa nyingine. "Hii ya kaka yangu." Kisha akaitoa mpya, ya manjano, ya maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe ya kiangazi kile. Juu yake alikuwa amechora kwa kisu herufi ya jina lako. Akasema, "Na hii ni ya mdogo. Ya matanga yake."

Akatueleza taratibu, maana aliona nyuso zetu. Katika bonde lile, zamani, kila mtu alikuwa na jibini yake ya kuzikiwa. Watu wakitoka makaburini hurudi nyumbani kwa marehemu, ikakatwa, wakaila na mkate mweusi na divai, ili aliyetoka mbali asirudi na njaa, na ili marehemu awe bado ndiye mwenyeji. Vijana walikuwa wameiacha desturi hiyo, alisema. Yeye alikuwa bado anaishika.

Mapendo, mimi Kifaransa nilikifundisha. Sikukosa neno hata moja. Nilielewa kabisa kwamba mwanamke huyu ameandaa chakula cha kifo cha mwanangu, na mwanangu hajamaliza hata mwezi.

Hapa lazima nikuambie habari za kaka yako, Baraka. Umeiona picha yake, basi, hatukukuambia zaidi. Alizaliwa Uvira kabla yako. Alipokuwa ameanza kukaa, mwanamke jirani alimtazama akasema, "Mtoto muzuri hivi si wa kukaa." Baada ya hapo akashikwa na homa. Zahanati haikuwa na dawa, akafa. Nadhani ilikuwa malaria. Mimi mwenyewe nilikuwa nachora mbu ubaoni kila mwaka na kuwafundisha watoto wa watu. Lakini katika ukoo wetu hakuna aliyetaja mbu. Walisema mwanamke yule amemla, na mimi mwalimu nilikubali, kwa sababu mtu ukiwa na wa kumchukia unalala afadhali kidogo kuliko ukiwa huna. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ung'ongo wangu ulikuwa jibini.

Mama yako alikuwa amemzika mtoto yule yule, na hakushtuka. Alinibembeleza.

"Baba Mapendo, tumuulize tena," alisema. "Ule mama hana roho mubaya. Njo desturi yao."

"Muchawi banamuulizaka?"

"Anatuleteaka maziwa kila siku. Haukuuliza kama iko na sumu."

"Maziwa ni maziwa. Hii ni chakula ya kilio."

Akarudi kwenye ushonaji wake. Nilidhani nimemshinda.

Jumapili, kijiji kizima kikiwa kwenye misa, nilishuka chini ya nyumba. Mlango haukuwa na kufuli. Kule kwa nini ufungie jibini? Niliichukua. Ilikuwa nzito kukupita wewe. Nyuma ya nyumba palikuwa na genge, na chini yake mto unaotoka kwenye barafu, na nia yangu ilikuwa kuitupa humo ipotee kabisa, nisiione wala isituone. Nikaitupa kwa nguvu zangu zote. Ikagonga jiwe, ikageuka, ikasimama wima, ikashika njia ya kijiji.

Ungekuwapo ungecheka. Mimi pia ningecheka kama ingekuwa ya mwingine. Ilibingirika katikati ya ghala zao za nafaka, zile zinazosimama juu ya mawe bapa ili panya wasipande, ikapita kona kama iliyozaliwa pale, ikaingia uwanja wa kanisa wakati ule ule watu wanatoka. Wakaipisha. Wanaume waliovua kofia kanisani walikuwa hawajazirudisha kichwani. Ikaenda kujipiga kwenye hodhi la mawe la kunyweshea ng'ombe, ikapasuka vipande viwili, na kile chenye herufi yako kikalala kinatazama juu.

Waliitazama herufi, wakatazama juu mlimani, na huko juu nilikuwa nimesimama mimi, mikono bado iko mbele. Odile alijitenga na wenzake. Alipiga magoti katika gauni lake la misa, akaokota vipande akavitia katika kitambaa chake cha mabegani, na punje ndogo ndogo akazikusanya kwa kiganja.

Kesho yake tulikutana kwenye ngazi. Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Yeye akasema tu, "Haikuwa yako, bwana. Ilikuwa ya mtoto." Akapita. Asubuhi iliyofuata maziwa yalikuwa mlangoni kama kawaida, na asubuhi zote baadaye, lakini hakuingia tena ndani kwetu.

Hilo lilikuwa kosa la woga, na nadhani Mungu ana huruma na makosa ya woga. Linaloniuma zaidi lilikuja baadaye.

Katikati ya baridi ile kaka yake Odile alikufa. Nilimwona Odile akiingia zizini kwa ng'ombe wa kaka yake, na kengele zikanyamaza moja baada ya nyingine. Alikuwa anawavua. Huko mwenye ng'ombe akifa, ng'ombe nao huvuliwa kengele ili wafanye matanga. Sikuwahi kujua jinsi kengele zile zilivyojaza siku zetu mpaka ziliponyamaza. Baada ya mazishi Odile akapanda kubisha mlango wetu. Macho yake yalikuwa yamevimba. Aliniambia mimi, hakumwambia mama yako, "Kaka yangu anawaalika."

Ulikuwa mlango umefunguliwa, Mapendo. Mwanamke niliyemtendea vile alikuja mwenyewe kuufungua, siku ya msiba wake. Nikamjibu kwamba sijisikii vizuri. Nilikuwa nimekwisha kuelewa kwamba hakuna uchawi. Mtoto wangu alikuwa ananenepa kila siku. Niliona tu haya kuketi kati ya watu walioniona siku ile. Kiburi changu kilikuwa kimevaa nguo za haya, na mimi nikakitii. Mama yako alikufunga mgongoni akashuka peke yake.

Alirudi giza limeingia, ananuka divai na moshi. "Walikuwa wanakula na wanacheka," aliniambia. "Muntu amekufa na ni yeye anawalisha. Odile njo alikata jibini kwa mikono yake. Hawakukuwa wanasemezana na ule kaka yake, baba Mapendo. Alikata analia, akatupa siye kipande ya kwanza." Kisha akanitolea kipande kidogo kwenye leso, changu. Nilikiacha mezani mpaka kikakauka.

Baadaye binamu yangu akapiga simu kutoka London, akasema njooni, huku kuna watu wetu. Mama yako alitaka kubaki. Alisema hivyo wazi, mara nyingi, naye hakuwa mtu wa kurudia maneno. Mimi nikawaambia watu wote kwamba mtu mweusi hawezi kuzeekea kati ya ng'ombe. Nilikuwa nakimbia ngazi. Odile alitusindikiza mpaka kwenye basi, akampa mama yako mkate mweusi, akakubusu wewe utosini, na mimi akanipa mkono, kwa heshima, kama mtu anavyompa mkono mgeni wa hotelini.

London unaijua kuliko mimi. Watu wetu walikuwepo kweli, ila kila mmoja alikuwa na shifti. Mimi nilianza kwa kuosha sufuria katika mkahawa wa Waarabu Edgware Road, kisha nikaingia kusafisha treni hapa Stratford, na humo ndimo nimezeekea. Mama yako alipata kazi Harrow, dukani kwa Mzee Ramji, Mhindi wa Kisumu aliyemkaribisha kwa Kiswahili siku ya kwanza, mama yako akarudi nyumbani anatembea kama amepewa zawadi. Saa nzima ya treni kwenda, saa nzima kurudi. Alikuwa akinisimulia habari za duka, nami nilikuwa nalala kwenye kiti. Nilikuwa nimechoka, ni kweli. Lakini mtu aliyekuwa ameketi kwa Odile na ushonaji wake sasa alikuwa anamsimulia mume aliyelala.

Alipougua, siku moja aliniambia angependa kusikia sauti ya Odile. Nikamwambia tumepoteza namba. Hatukuwa tumeitafuta. Hasira ni hasara, wanasema, na wamesahau kusema kwamba haya ni hasara kubwa zaidi, maana hasira huisha.

Matanga yake unayakumbuka, ulikuwa umeanza sekondari. Tulikodi ukumbi, na mlinzi wake akaja kusimama mlangoni na funguo kabla wimbo wa mwisho haujaisha. Sitawasingizia watu, walikuja. Walikuja na mabegi ya kazi, wakaomba kwa machozi ya kweli, wakala mchele wakiwa wamesimama, wakaangalia saa zao kwa siri. Hapa nyumbani jirani wa chini aligonga dari kwa ufagio kwa sababu ya nyimbo, tukaimba kwa chinichini, na wimbo wa msiba ukiimbwa chinichini ni mateso. Siku iliyofuata walikuja wachache. Baadaye tukabaki wewe na mimi, na sufuria kubwa za watu zilizohitaji kurudishwa.

Wewe ulikuwa umelala mchana ule Mzee Ramji alipofika peke yake na chombo cha kachori. Akaketi, akatazama viti vitupu. "Mwalimu, watu wako wapi?" Nikamwambia kazini. Akatikisa kichwa, akavua koti. "Basi mimi niko." Alikaa mpaka jioni, tukala zile kachori zote.

Nikiwa nimeketi pale ndipo nilipouona tena ule ubao wa rafu chini ya nyumba ya Odile, na nikajua alichokuwa ametupatia. Hakuwa anakingojea kifo chako. Alikuwa anasema kwamba siku yoyote kitakapokukuta, hata sisi sote tukiwa tumekwisha kwenda, atakayekulilia hatarudi kwake na njaa, na wewe utakuwa na nyumba ya kumkaribishia. Wakimbizi wawili wasio na mahali, na mtoto wao akapewa nafasi kwenye rafu pamoja na wazee wa nyumba. Mama yako hakupata nafasi ya namna ile popote. Nilikuwa nimeitupa ya kwako, na ya kwake sikumtafutia.

Sikumwandikia Odile. Nilingoja siku ambayo kumwandikia hakutanitia aibu, na siku hiyo haikufika. Majuto ni mjukuu, na wangu wamezaana.

Kwa hiyo ukifika kwake, sikutumi kuniombea msamaha. Msamaha si chumvi, mtoto atumwe kwa jirani. Nitampigia mwenyewe, nimekwisha kufanya mazoezi ya sentensi ya kwanza mbele ya kioo cha bafu, na Kifaransa changu kimeota kutu. Wewe mwambie tu kwamba mama yako Zawadi amefariki, kwa sababu hajui. Akikuuliza tulimzikaje, mwambie kweli, pamoja na funguo za mlinzi. Akinisema vibaya, usinitetee. Akininyamazia, pia usinitetee.

Na kama atataka kukushusha chini ya nyumba na kukuwekea nyingine, kubali kwa mikono miwili.

Nina jambo lingine, na hili ni la Alhamisi hii. Nilikuambia kifua kinaniuma. Ulikaa kitandani kwangu ukasema utaahirisha safari, utapiga simu hotelini. Mwanangu, kifua hakikuwa kinaniuma. Nilikaa na furaha ya maneno yako mpaka mchana, kisha nikaona ninakufanyia nilichomfanyia mama yako, nakutoa kule unakotakiwa kwa sababu mimi naogopa. Ndipo nikakuambia kimepoa. Umenitazama kwa mashaka tangu siku ile, kwa hiyo sasa unajua.

Naogopa nyumba hii kuanzia kesho. Sitakuficha, maana utaisikia sauti yangu kwenye simu. Naogopa kurudi kutoka shifti na kuikuta taa nilivyoiacha. Jana nilipika sombe ya watu wanne, mkono wenyewe haujui. Lakini woga wangu ni kazi yangu, na usiubebe kwenye basi la njano. Ukipapenda kule, kaa. Wakikuzoea, wazoee. Ukipata mtu wa kuketi naye, keti, usichunguze.

Mimi usiniwekee jibini. Nikifa nizikwe karibu na mama yako, na watu wataangalia saa zao, nami sitawalaumu, wana shifti. Sitaki kuja kuwa mwenyeji mzuri siku nitakapokuwa nimekufa. Theluji ikiyeyuka na kazi yako ikiisha, njoo hata kwa juma moja, uje na mwenzako yeyote uliyempata, na Mzee Ramji nitamwita kutoka Harrow. Njooni tukae mpaka tuchoke, hapa hakuna mwenye funguo. Uje tule, Mapendo, ningali natafuna.

Baba yako